Kinu Chini ya Mnazi

Bagamoyo,
6 Februari 1972

Kwa Mwanamvua, mke wangu mdogo, huko Tanga katika chuo cha wauguzi.

Marahaba. Najua hujaniamkia bado, lakini naitanguliza, maana barua yako ikichelewa shikamoo huchacha njiani. Mimi babu yako Mtoro ni mzima. Bibi yako Mize ni mzima. Mbuzi ni mzima kutupita sote, yeye hula tu, hafui wala hapiki. Jirani yetu Bwanausi miguu imemvimba tena. Mdomo haujavimba, bado anasimulia uongo uleule barazani. Mkewe Tabia anakusalimu. Mwalimu Ashura wa kisomo cha watu wazima, aliyenifundisha herufi hizi unazozisoma, anasema mwandiko wangu unatembea kama kaa. Nimemwambia kaa naye hufika.

Sasa sikiliza. Sindano za kifua nimezimaliza, tisini kamili. Tako la kulia nimeipa serikali, la kushoto nimejibakizia la kukalia. Dresa ananipenda, kila asubuhi alikuwa akiniuliza, "Leo upande gani, mzee?" kama utingo wa basi. Kikohozi kimekwenda zake. Damu sijaiona tangu mfungo wa Ramadhani. Nimenenepa mpaka Mize ananitazama kwa jicho baya, na umri wake ule.

Na minazi nimerudia. Wiki iliyopita nimeangua kumi na mmoja katika shamba la Rajabu, kwa vidato vilevile nilivyovichonga mwenyewe kabla mama yako hajazaliwa. Watu walisema Mtoro amekwisha. Nilikuwa nakwea Mdachi alipofukuzwa hapa, na nitakuwa nakwea watakapofukuzwa waliosema.

Kuna jambo moja dogo. Ndani ya sikio langu amehamia nyenje. Usiku na mchana analia, hana kodi wala adabu. Alianza kwenye sindano ya sitini na kitu. Unakumbuka nilitaka kuacha, nikakuandikia, ukanijibu nimalize zote. Nimemaliza, maana mke mdogo hapuuzwi. Basi nipe dawa ya nyenje.

Mengine ni ya kawaida. Mrisho muadhini siku hizi anaadhini kama mtu aliyefunikwa blanketi. Nilimwambia mbele ya jamaa baada ya Ijumaa, akanuna.

Mize hapa pembeni anasema nikuandikie kwamba Mrisho hana neno, ila mimi ndiye ninayepiga kelele humu ndani kama dalali wa samaki. Nimeandika alivyosema, ili asiseme namdhulumu. Anakutumia salamu nyingi, anauliza unakula nini.

Ni mimi mumeo wa kwanza,
Mtoro


Tanga,
25 Februari 1972

Babu yangu mpenzi,

Shikamoo. Shikamoo bibi. Barua imefika na kaa zake zote, nimeisoma mara tatu. Mimi sijambo. Mwaija, yule mwenzangu wa Pangani ninayelala naye chumba kimoja, aliniomba asome kidogo, akacheka mpaka matroni akagonga mlango. Mwambie bibi nakula wali maharage, Jumapili samaki, na nyumbani nakukumbuka nikiona samaki wenyewe walivyokaangwa.

Kupona kwako kifua nimemshukuru Mungu. Lakini babu, leo nakuuliza maswali, na nakuomba unijibu bila mzaha hata kidogo, japo najua ni kama kumwomba mbuzi asile majani.

Ukitembea gizani, unayumba? Ukigeuka ghafla, nyumba inazunguka? Ukiosha uso na macho umefumba, unashika kitu?

Kisha fanya hivi. Simama mlangoni, miguu pamoja, mikono ubavuni. Bibi asimame karibu nawe sana. Fumba macho, hesabu mpaka thelathini. Niandikie umefika ngapi.

Na mnazi usikwee mpaka nikwambie. Wala wa Rajabu, wala wa nyumbani, wala mfupi. Nakuomba.

Dawa ya nyenje nitaiulizia.

Mjukuu wako,
Mwanamvua


Bagamoyo,
3 Aprili 1972

Kwa mke mdogo anayeuliza maswali kama karani wa kodi.

Barua yako ilikaa wiki mbili njiani. Masika yamekata barabara kule Mapinga na basi likalala kwenye tope na mifuko ya posta. Sisi wazima. Paa la jikoni linavuja penye chungu, kwa hiyo mchuzi unaongezeka wenyewe. Bwanausi sasa hatoki kitandani. Nakwenda kumtukana kila jioni apate nguvu.

Nilisimama mlangoni kama ulivyoagiza. Mize mbele yangu, mikono ameitandaza kama anayefukuza kuku. Nikafumba. Moja, mbili, tatu. Kwenye saba nikasikia sakafu imeinuliwa upande mmoja, kama mtu anavyoinua mkeka kufagia. Mize akanidaka. Akadaka vibaya, tukaanguka wote juu ya sinia la mchele, na Tabia akawa anaingia mlangoni wakati huohuo kuomba chumvi. Alitukuta tulivyo. Alisema, "Hamna aibu, na mchana wote huu, mlango wazi?" Mtaa mzima unajua. Bwanausi alicheka mpaka akahitaji maji. Basi saba ndiyo hesabu yangu.

Sasa na mimi nikwambie kitu ambacho huko chuoni hawajui, maana hawajakwea.

Ukiwa juu ya mnazi, macho si mali yako. Ukipiga panga kwenye kilifu, ule wavu mkavu wa nyuzi penye mashina ya makuti, lile vumbi lake linakuja usoni, unafumba. Unaweza kukaa umefumba muda wa kusoma Fatiha mbili. Na mnazi haukusubiri, unayumba na upepo. Zamani sikujali. Nilikuwa nimeshikwa na sauti. Huku kushoto bahari inapiga. Kulia watoto wa chuo wanasoma alifu-bee. Nyuma fundi bati, anagonga ndoo. Chini majani makavu yanalia Mize akipita. Nilikuwa katikati ya sauti zote hizo kama mzigo uliofungwa kamba nne, mnazi uende unakotaka, mimi najua juu ni wapi na chini ni wapi. Sikujua kwamba najua. Nimejua sasa, kamba zilipokatika. Bahari imenyamaza. Watoto wa chuo ni mvumo tu. Nikifumba macho juu kule, Mwanamvua, sipo popote.

Lakini babu yako si mjinga. Kinu nakisikia. Ile "du" ya mchi mzito inaingia sikio la kulia, tena inapanda kwenye shina mpaka nyayo. Basi nikipanda, Mize anakuja na kinu chake na mpunga wake. Anakiweka hatua kumi na tano kutoka kwenye shina, kwenye kivuli cha mfenesi, wala hasogei zaidi maana nazi haina macho. Anatwanga. Mimi nafumba macho yangu kama sultani na ninakata. Akichoka huimba mwenyewe, akinitaka nishuke, na mimi simsikii, nasikia mchi tu. Raha mbili.

Rajabu na wenzake barazani wanasema Mtoro sasa hapandi mpaka apigiwe ngoma kama bwana harusi. Waseme.

Mize anasema mikono inamuuma lakini mchele umekuwa mweupe kuliko wa Mhindi.

Na wewe nijibu. Kwa nini uliuliza habari ya giza? Mimi nilisema nyenje. Sikusema giza.

Mtoro


Tanga,
24 Aprili 1972

Babu,

Shikamoo, na mwambie bibi nambusu mikono yake hiyo inayouma. Mtihani wa kwanza tumefanya, nadhani nimepita. Mwaija amechumbiwa na mtu wa forodhani, hatujui tufurahi au tulie. Pole za Bwanausi mpelekee kwa mdomo wako, bila matusi.

Nimemuuliza mwalimu wetu, kisha nikamuuliza daktari. Nikueleze kwa lugha ya mtaani kwetu. Unakijua kile kipande cha ubao cha waashi, chenye kichupa cha maji, wanachokiita pima maji? Wakikiweka juu ya ukuta wanajua umelala sawa. Mungu ametuwekea pima maji ndani ya sikio, kulia na kushoto. Katika yale maji kuna vinywele vidogo mno, hivyo ndivyo vinavyopeleka habari kichwani: umeinama, umegeuka, unaanguka. Vikinyauka havioti tena. Maji yanatikisika na hakuna wa kupeleka habari.

Mtu akifika hapo husimamishwa na macho na nyayo. Gizani macho hayapo, ndiyo maana nikakuuliza giza. Daktari alisema na sauti pia inashikilia, ile inayotoka mahali pamoja bila kuhama, ni kama nguzo ya kushika bila mkono. Nilipomsimulia habari ya kinu hakucheka. Alisema, "Huyo mzee amegundua mwenyewe." Nimekuandikia sifa hii kwa sababu ni yako, lakini usiivae kama kanzu ukaenda nayo barazani.

Babu, mtu mwenye kamba nne ikikatika moja ana tatu. Wewe unayo moja, na imeshikwa na mwanamke wa miaka sitini anayechoka. Usikwee. Likizo yangu ni mwisho wa Julai. Ningojee, tutazungumza.

Dawa ya nyenje haipo.

Mwanamvua


Bagamoyo,
9 Juni 1972

Kwa mjukuu wangu Mwanamvua,

Nimepata barua yako. Mimi ni mzima. Bwanausi amefariki, Mungu amrehemu, tumemzika. Matanga yameanuliwa. Watu walikuwa wengi kutoka Kaole mpaka Saadani. Mvua zimekatika na mbuzi amezaa mmoja.

Ulisema nisikwee. Nimeacha.

Soma sana.

Mtoro


Tanga,
18 Juni 1972

Babu,

Shikamoo. Inna lillahi kwa mzee Bwanausi, mfikishie Tabia pole zangu, najua ameingia eda.

Nimesoma barua yako imekwisha kabla sijakaa vizuri. Nimeigeuza nyuma nikidhani kuna upande wa pili. Toka nimekuja Tanga hujaniandikia barua bibi asichomoze humo, akikusahihisha au akiniuliza nakula nini. Katika hii hayumo. Na hukunitania popote.

Bibi yuko wapi?

Nakuomba unijibu kwa basi la kwanza. Mwaija ananiambia nisiwe na wasiwasi, na mimi nimeshaacha kula.

Mwanamvua


Bagamoyo,
29 Juni 1972

Mwanamvua,

Kaa chini kwanza. Mwite huyo Mwaija akae karibu nawe.

Jamaa walitaka kukupelekea simu ya upepo. Nikawaambia nitaandika mwenyewe, najua kuandika siku hizi. Kisha nikaketi na kalamu nikaandika habari za mbuzi.

Bwanausi alikufa Jumapili alfajiri, tukamzika baada ya alasiri. Unajua mtaani kwetu, maiti ikitoka nyumba ya jirani, mchi haugusi kinu mpaka matanga yaanuliwe siku ya tatu. Hata mwenye njaa husubiri, au huomba unga mtaa wa pili. Jumatatu wageni walijaa na nazi za wali zikapungua. Majaliwa, yule mkwezi kijana, alikuwa Mapinga kwenye harusi, arudi jioni. Wangeweza kumngoja. Wali ungeliwa jioni, hakuna ambaye angekufa zaidi.

Nilikuwa nimekaa kwenye jamvi la msiba. Rajabu akasema, akidhani sisikii, na kweli sikusikia, ila niliona midomo na niliona wengine wanavyoinama kucheka. Nikamvuta Mrisho kanzu, nikamuuliza amesema nini. Mrisho alikuwa bado ananinunia habari ya adhana. Akanikaribia sikio la kulia, akanitamkia vizuri: "Anasema Mtoro leo hapandi, kinu kimefiwa."

Nikainuka.

Mize nilimkuta jikoni kwa Tabia, mpaka viwiko ndani ya masufuria. Nikamwambia twende. Akasema, "Hakuna kinu leo, mume wangu, tulia." Nikamwambia gonga jiwe basi. Akasema watu watasikia, ni aibu, Tabia yumo ndani na maji ya macho hayajamkauka. Nikamwambia gonga kwenye shina, polepole, mimi nitasikia kwa miguu. Alinitazama. Miaka arobaini na mmoja tumekaa, nimekataliwa mambo mengi na mwanamke yule. Hilo hakunikatalia. Nadhani aliona aibu yangu ni kubwa kuliko ya mtaa.

Sasa jiwe si mchi, Mwanamvua. Mchi unasikika kutoka kwenye mfenesi. Jiwe la kugonga taratibu lazima usimame shinani penyewe.

Nilipanda. Nilimsikia kwa nyayo, tok, tok, tok. Nilifika juu. Nikapiga panga kwenye kilifu, vumbi likanijia, nikafumba macho. Na wakati huohuo ikapita njiani jamaa ya Bwanausi kutoka Saadani, wanawake, wamejitanda kaniki, wanakwenda msibani. Haya niliambiwa baadaye. Mize alipowaona alisimamisha jiwe, kwa heshima. Alisimamisha tu mpaka wapite.

Tok ikakatika. Mnazi ukalala. Naapa nilijua umelala, nilihisi mbingu ziko miguuni kwangu. Nikashika kilichokuwa karibu na mkono. Kilikuwa kole, shada zima la nazi nane, na panga nilikuwa nimeshalipiga nusu. Lilinibakia mkononi kidogo, kisha halikuwepo. Mkono wa pili ulikuwa umekumbatia kuti, ndiyo maana nakuandikia.

Sikusikia kitu. Wote walisikia, mpaka waliokuwa ndani wanasoma Yasini walisikia. Mimi niliye mumewe sikusikia kitu.

Nilipofungua macho nilimwona amekaa, ameegemea shina, jiwe lipo mkononi. Nikamwambia, "Mize, gonga." Sikumwona anagonga. Nikadhani amechoka, au kanuna. Nikakaa juu kule kumngoja. Nilikuwa namtania, Mwanamvua. Nilikuwa namwambia nitashuka na talaka yake.

Majaliwa ndiye aliyenishusha, jioni, kwa kamba.

Alikaa siku mbili bila kusema. Tumemzika Jumatano, pembeni ya mama yako. Matanga yakafuatana na matanga, kwa siku sita mtaa wetu haukutwanga.

Sasa unajua alipo.

Mtoro


Tanga,
8 Julai 1972

Babu yangu,

Sina shikamoo ya kutosha. Nimelia, nimenyamaza, nimekwenda wodini kwa sababu wagonjwa hawajui habari za Bagamoyo. Nimeomba ruhusa, nimepewa siku kumi kuanzia tarehe 24. Nitakuja kwa basi.

Lakini kuna neno lazima lifike kabla yangu. Nikija sitaliweza. Na wewe husikii, itabidi nilipigie kelele mpaka Rajabu alisikie.

Uliniuliza mwezi wa nne kwa nini niliuliza habari ya giza, na mimi nikakujibu habari ya pima maji. Sikukujibu.

Sindano zile ndizo zilizonyausha vinywele vya sikio lako. Zinaponya kifua na kwa watu wengine zinaua sikio, hasa wazee. Uliponiandikia mwaka jana kwamba sikio limeanza kulia na unataka kuacha, nilikwenda kuuliza. Nikaambiwa: sikio likianza kulia ni onyo, mtu akiendelea huenda asisikie tena na asisimame vizuri tena. Nikauliza akiacha je? Nikaambiwa kifua kitarudi, safari hii hakitasikia dawa, kitamuua, na kitamwambukiza anayelala naye.

Nilikujua. Nilijua nikikwambia, ungekimbia sindano siku hiyohiyo. Nikamfikiria bibi anayelala ubavuni kwako. Basi nikakuandikia neno moja, maliza. Nilichagua kifua nikaacha sikio, na mwenye sikio sikumuuliza. Na ulipoanza kukwea nilisema usikwee bila kusema kwa nini, kama mtu anayemkataza mtoto.

Ningekwambia sababu, usingepanda siku ile.

Nimeyaandika. Ukitaka nisije, nijulishe kabla ya tarehe 24.

Mwanamvua


Bagamoyo,
16 Julai 1972

Kwa mjukuu wangu, mke wangu ambaye sasa ndiye wa pekee,

Marahaba, hata ile uliyosema huna.

Sijambo kwa namna yake. Nalala nimebanwa ukutani, maana nikilala katikati ya kitanda nyumba inazunguka na sina wa kuishikilia. Mbuzi jike na mwanawe wanakula makuti ya uzio. Rajabu huja kila asubuhi, anakaa kizingitini, hasemi kitu, kisha anaondoka. Nilimwambia kama amekuja kuniomba radhi apige kelele, na kama amekuja kupumzika alete kahawa. Siku ya pili akaleta kahawa. Mrisho naye hupita kunishika mkono kunipeleka msikitini, nami nategemea bega lake. Nimemwambia adhana yake ni nzuri. Ni uongo, siisikii kabisa.

Barua yako nimesoma mwenyewe, sikumpa Mwalimu Ashura. Nimeisoma siku nne.

Unasema ungeniambia nisingepanda. Labda. Wewe uliniambia usipande, mke mwenzio aliniambia tulia, miguu yangu mwenyewe iliniambia. Sikutaka sababu, Mwanamvua. Nilitaka Rajabu anyamaze. Usije ukaninyang'anya kosa langu kwa sababu wewe umesoma.

Lakini na lako ni lako, sikufutii. Ungeniuliza, kifua au sikio, ningesema sikio. Ningekufa mwezi wa tatu, mzima wa masikio, nikimsikia Mize analia. Naye angebaki mjane na kinu chake, au angekohoa nyuma yangu. Sijui. Mimi nimeua kwa mkono na wewe kwa kalamu, na sote wawili tulikuwa tunampenda. Nimelipima hili kila upande na halikai sawa. Hilo pima maji lako halina msaada hapa.

Nina ombi moja, na hili sifanyi mzaha. Katika wodi yako wapo wazee wanaochomwa sindano zile. Kabla ya kumchoma mtu, muulize, "Mzee, unafanya kazi gani?" Usimuulize kifua tu. Akiwa mshona kofia, haya. Akiwa mwashi wa ghorofa, akiwa mkwezi, akiwa mtu wa kuvuka daraja la gogo, mwambie yote, ya kifua na ya sikio. Akikimbia, mfuate nyumbani kwake umbembeleze. Lakini mwambie. Nenda leo, usingoje mpaka urudi huku.

Tabia yumo ndani ya eda, hatoki. Lakini uani kwake anatwanga tangu wiki iliyopita, sauti sisikii ila ardhi inaniletea miguuni, du, du. Zamani nikihisi vile nilikuwa nasimama imara. Sasa nikihisi, nakaa chini popote nilipo, hata njiani. Watoto wamezoea, wananizunguka.

Kinu cha bibi yako kipo pale kwenye mfenesi alipokiacha. Sikuruhusu mtu akisogeze. Utakuta kimejaa maji ya mvua.

Jana nilisimama mlangoni. Miguu pamoja, mikono ubavuni, kama ulivyoniagiza mwezi wa pili. Nilifumba macho, nikahesabu kwa sauti, maana sijisikii tena na nilitaka angalau mbuzi asikie. Nilifika nne.

Goti limechubuka kidogo, si kitu.

Njoo tarehe 24. Ukifika usibishe hodi, sitasikia. Ingia tu, uje mpaka mbele nikuone.

Babu yako,
Mtoro